Simu ya Kuulizwa Kama Nipo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea kushika vitu vizito, kalamu inanitoroka, na kuna maneno ambayo nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia tu. Nilisoma hadi darasa la nane. Tangu wakati huo sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya dirisha. Naandika polepole, na hilo halinisumbui sana, kwa sababu hata kuongea naongea polepole, na siku nyingi siongei.

Ninakaa Mutuini, pembezoni mwa jiji, na shangazi yangu, dada ya baba, aliyenichukua kutoka nyumbani kule magharibi nilipomaliza shule na sekondari ikashindikana. Ana kibanda cha mboga kando ya barabara, mahali ambapo mashamba yanakatwa vipande na nyumba za kupangisha zinaota. Mimi nilimsaidia kuchambua mrenda na kufunga sukuma mafungu mafungu. Wateja walidhani mimi ni bubu.

Kisha tangazo likasomwa kanisani. Serikali ilikuwa inatafuta vijana ambao hawakuendelea na masomo, iwafunze ufundi na kuwatafutia kazi. Shangazi alinifinya mkono hadi nikaumia. Lakini tulipokwenda kujiandikisha, hatukuikuta serikali. Tulikuta kampuni, ghorofani kule Ngara, juu ya maduka ya jumla ya masufuria na mablanketi. Serikali ilikuwa imewapa kandarasi ya kutufunza na kututafutia kazi. Nilipouliza nyumbani kama sasa mimi ni wa serikali au wa kampuni, shangazi alisema nile ninyamaze.

Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja mdogo, labda ananizidi miaka michache tu, mwenye viatu vya kupigwa rangi kila asubuhi. Tulimwita madamu. Alitueleza wazi jinsi mambo yanavyokwenda, na kwa hilo nitamsifu. Serikali haiji kutuona, alisema. Serikali inapiga simu. Simu ya kwanza ni ya kuulizwa kama upo na kama unajifunza kweli. Ukisema ndiyo, jina lako linapelekwa kwa mtihani wa ufundi wa serikali, na kampuni inalipwa kwa ajili yako. Simu ya pili inakuja baadaye sana, kuulizwa kama umeajiriwa. Ukisema ndiyo, kampuni inalipwa tena na wewe unatolewa kwenye mpango, kwa sababu umeshafika. Kwa hiyo simu ziwe na chaji, na mtu ajibu kwa sauti.

Alitufanyisha mazoezi. Kila mmoja alisimama, madamu akaweka kiganja sikioni na kujifanya mtu wa wizara. Zamu yangu ilipofika, sauti ilitoka ndogo hadi waliokaa nyuma wakacheka. Kijana mmoja kutoka Kawangware akasema, "Huyu akipigiwa ataitikia kwa kichwa." Hata madamu alicheka, kisha akajizuia.

Katika kujiandikisha walitaka namba ya simu. Simu yangu wakati huo ilikuwa inasikia lakini haisikiki. Maikrofoni yake ilikuwa imekufa. Mtu akinipigia namsikia vizuri, mimi nikiongea yeye hasikii kitu. Ilinifaa, kusema kweli. Lakini kwa jambo la serikali haikufaa, kwa hiyo nikaandika namba ya shangazi, kama watu wengi wanavyofanya. Shuleni nilikuwa nimeandika ya jirani. Hakuna aliyenikataza, nami sikumwambia shangazi kwamba atapigiwa. Nilidhani watauliza tu jina langu, naye atawaambia nipo.

Nilipelekwa Riruta, kwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, karakana iliyo ndani kidogo kutoka Naivasha Road, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Fundi alikuwa mzee wa huko huko, mtu wa maneno machache, na labda ndiyo sababu tulielewana. Yule kijana wa Kawangware alipelekwa huko pia. Kampuni ilitupa buti, glavu na helmeti za kuchomelea zenye kioo cheusi.

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyoipenda ile helmeti. Ukiishusha, hakuna anayekuona uso. Unabaki wewe na mstari mmoja wa moto, na lazima mkono uende kwa mwendo mmoja, ukiharakisha chuma hakishiki, ukichelewa kinatoboka. Huko ndani upole wangu haukuwa kasoro. Wiki za kwanza nilikuwa nasaga tu kwa grinda na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Baadaye fundi akaniacha nichomelee bawaba. Siku moja aliligonga dirisha nililolimaliza kwa nyundo, akasikiliza, akasema liko sawa. Halafu akaniambia kwamba kwa watu wa mtaa hii inatosha, lakini wenye kujenga majumba makubwa na viwanda vya Industrial Area hawatagonga nyundo, watauliza cheti. Na kwangu mimi, msichana wa darasa la nane, watauliza mara mbili.

Basi kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu, kuufanya ule mtihani. Mtihani wa ufundi hauulizi kama ulikwenda sekondari. Wanakupa chuma na kipimo, unakiunga mbele yao. Lakini huwezi kujipeleka mwenyewe bila pesa ambazo sisi hatukuwa nazo. Jina lilipaswa kupelekwa na mpango.

Jioni moja nilirudi Mutuini nikamkuta shangazi anasonga ugali kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akaniambia wale wezi wa simu wamemjaribu tena. Mwaka uliopita walikuwa wamemdanganya kwamba mtu ametuma pesa kwake kwa makosa, akarudisha ambazo hakutumiwa, na tangu hapo aliapa hawatamshika mara ya pili. Safari hii, alisema, alikuwa mwanamke wa sauti laini anayejifanya wa wizara, ana majina yangu yote matatu, anataka kujua kama niko kwenye mafunzo.

Mimi nilishika ukingo wa meza. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nikamwambia hapa hakuna mtu kama huyo. Nikamwambia simjui, sijawahi kumsikia, na akipiga tena nampeleka kwa chifu. Wee, alikata mwenyewe."

Alinitazama akingoja nimsifu. Nilipomweleza, mwiko ulibaki umesimama ndani ya sufuria. Alipiga ile namba mara nyingi, haikupokelewa. Ilikuwa ya kupiga nje tu. Ugali ule uliungua upande mmoja, na tulikula bila kutazamana. Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye sikumwambia.

Siku chache baadaye madamu alikuja karakana na tableti yake. Aliniita kando, lakini kijana wa Kawangware alizima grinda ili asikie. Kwenye kumbukumbu za wizara nilikuwa sipo. Mwanafunzi hewa, alisema, na neno hilo alilisema polepole, kwa sababu ofisini kwao lilikuwa neno la kuogopesha. Kampuni nyingine iliwahi kunyang'anywa kandarasi kwa ajili ya majina hewa. Akaniambia nivue glavu hadi jambo litatuliwe, kwa kuwa mtu ambaye hayupo hana bima. Nilizivua. Fundi alitazama mikono yangu, akamwuliza madamu kama na yeye anamwona mtu pale au anaona upepo. Madamu akasema, "Fundi, mimi namwona. Shida ni wenye hawamwoni."

Kesho yake tulikwenda Ngara, mimi na shangazi, yeye amevaa leso yake ya kanisa. Alitaka kuomba msamaha, lakini shangazi akiomba msamaha hupandisha sauti, na watu wa mapokezi wakadhani tumekuja kugombana. Aliwaonyesha kitambulisho chake, akawaonyesha mimi, akanishika kidevu kugeuza uso wangu kuwaelekea. Walisema wanaona. Walisema wao hawawezi kubadilisha kilichoandikwa na wizara.

Tukatembea hadi mjini, kwenye ofisi za wizara. Tulikaa kwenye kiti kirefu hadi miguu ikafa ganzi. Bwana aliyetuhudumia alikuwa mpole. Alisema wizara haishughuliki na mwanafunzi mmoja mmoja, inashughulika na kampuni. Kama kuna kosa, kampuni ndiyo ilete barua. Shangazi akamwambia kampuni imesema ni ninyi. Yule bwana akasema ndiyo, huwa wanasema hivyo. Tukarudi Ngara. Kampuni ikasema haiwezi kuandika barua ya kusema wizara imekosea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya shangazi muda wote, na nilikuwa nimeanza kujiuliza jambo la kijinga, kama kweli mtu anaweza kufutwa hivi hivi huku amesimama.

Tukiwa ngazini kushuka, madamu alitufuata. Alizungumza chini chini. Simu ya kwanza ilikuwa imefungwa, alisema, haifunguliwi tena. Lakini angeweza kuniingiza kwenye orodha ya simu ya pili, ile ya walioajiriwa, na huko hawaangalii nyuma. Wangepiga wiki hiyo. Nikisema nimeajiriwa na fundi, nitakuwa mtu tena, kampuni itakuwa salama, na kila mmoja atalala.

Shangazi alianza kumshukuru na kumbariki. Mimi nilivuta pumzi mara kadhaa kabla neno halijatoka.

"Na mtihani?"

Madamu alitazama viatu vyake. Akasema mtihani ni wa wanaojifunza. Aliyeajiriwa ametoka kwenye mpango. Kisha akasema kwa haraka kwamba vijana wengi wangefurahi kuitwa wameajiriwa. Nikamwambia fundi hajaniajiri. Akasema anajua. Akanishika bega, akasema, "Mrembo, mimi pia nina mdosi juu yangu. Nisaidie nikusaidie."

Madamu akaliingiza jina langu kwenye orodha ya pili, na siku zile za kungoja simu zilikuwa mbaya. Nilikwenda karakana lakini sikuruhusiwa kugusa mashine, kwa hiyo nilifagia vipande vya chuma na kupanga rodi za kuchomelea. Madamu alikuwa ameshazungumza na fundi pia. Aliombwa kusema ameniajiri. Sikujua alijibu nini. Nyumbani shangazi aliniambia nikubali, kisha akasema nisikubali, kisha akasema yeye hasemi kitu tena kwa sababu mdomo wake ndio ulioleta haya yote.

Kijana wa Kawangware hakuzungusha maneno. Jina lake lilikuwa limeshathibitishwa na lilikuwa kwenye orodha ya mtihani. Alikuwa na mtoto mdogo nyumbani, na alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye cheti. Alinifuata nyuma ya karakana tulipokuwa tukinywa chai.

"Sikia," alisema, "ukisema hujaajiriwa, watauliza nani aliandika umeajiriwa. Watakuja hapa, watafunga hii place yote. Mimi pia nitakuwa hewa."

Nilimwambia sitaki aharibikiwe.

"Basi sema ndiyo. Neno moja. Wewe si mtu wa maneno mengi, hilo moja litakushinda?"

Nilimwuliza kama ingekuwa yeye angesema nini. Alimwaga chai iliyobaki, akasema si yeye.

Siku ambayo madamu alisema watapiga, shangazi alifunga kibanda akaja Riruta na simu yake, kwa sababu namba ilikuwa ile ile. Fundi alimpa debe la rangi lililogeuzwa akalie. Alikuja na gunia la njegere akawa anazimenya ili asikae bure, simu ikiwa mapajani juu ya maganda. Madamu naye alikuja. Alisimama karibu na geti tulilokuwa tukilitengeneza, akijipepea na faili. Asubuhi nzima simu ililia mara mbili, mara ya kwanza mteja akiuliza kwa nini kibanda kimefungwa, mara ya pili mtu wa chama chake cha akiba. Kila ilipolia, sisi wote tulisimama, na grinda ikazimwa.

Ilipolia mara ya tatu, shangazi aliitazama akasema ni ile namba. Hakuipokea. Alinipa kama mtu anayempa mwenzake sufuria ya moto.

Mwanamke wa sauti laini alisema jina langu lote. Akauliza kama ndiye anayeongea naye. Niliitikia kwa kichwa.

"Halo?" alisema. "Halo, unanisikia?"

Nikaitikia tena kwa kichwa. Kijana wa Kawangware aliona, na nadhani ndiye pekee aliyeelewa, lakini hakucheka. Shangazi alinigonga goti. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Akasema rekodi yake inaonyesha nimeajiriwa kama fundi wa kuchomelea huko Riruta. Je, ni kweli?

Nilimtazama madamu. Hakunikazia macho wala kunionya. Alikuwa amefumba macho. Ningependa kusema niliwaza mambo makubwa, lakini niliwaza tu kwamba nikisema ndiyo, sitaulizwa kitu kingine milele. Jambo lingekuwa limekwisha. Ningerudi kuchambua mrenda, na kule wizara kungekuwa na mtu mwenye jina langu ambaye ana kazi.

"Sijaajiriwa," nilisema.

"Sema kwa sauti, kuna kelele."

Hakukuwa na kelele. Ni sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikasema tena, "Sijaajiriwa. Bado najifunza. Nilikuwepo tangu mwanzo, ni shangazi alidhani nyinyi ni wezi. Nataka mtihani."

Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa hotuba. Upande wa pili nikasikia vidole vikigonga kibodi. Akauliza kama mwenye karakana yuko karibu. Nikampa fundi simu. Fundi aliifuta kwanza kwenye suruali, akasikiliza, akalitazama lile geti lililosimama nusu bila rangi. Nilijua kwamba akisema tofauti na mimi, mimi ndiye mwongo.

"Ni vile amesema," akasema. Akasikiliza tena. "Hapana. Mimi sijaajiri mtu. Ningekuwa na kazi ya kutosha ningemwajiri." Akanirudishia simu.

Yule mwanamke aliniambia ataandika nilivyosema, na wengine watalitazama jambo hilo. Nikamwuliza ni lini. Akasema hawezi kuahidi. Nikamwuliza kama sasa nipo. Nadhani swali lilimshangaza. Akasema, "Upo kwenye simu hii." Akakata.

Madamu hakunifokea. Alikusanya buti zangu, glavu na helmeti, kwa sababu ni mali ya kampuni, akavitia kwenye mfuko. Alipofika njiani alirudi akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Sijui ilikuwaje kwake baadaye. Nilipopita Ngara juzi nilimwona mtu mwingine kwenye meza yake, lakini huenda alikuwa ametoka tu. Siwezi kuacha kulifikiria hilo.

Karakana ya fundi iliondolewa kwenye orodha ya kampuni, kama kijana wa Kawangware alivyosema. Yeye hakupoteza nafasi yake. Walimhamishia kwa fundi mwingine mtaa wa Satelaiti, na jina lake lilibaki kwenye mtihani. Siku ya kuondoka alifunga virago bila kuniaga. Alipofika kwenye geti akageuka akasema ningemuua bure. Ni kweli ningeweza kumharibia, na kwenye simu nilisema nilivyosema hata hivyo.

Mimi bado naenda Riruta. Fundi alinipa helmeti yake ya zamani, kioo kina ufa pembeni, nafunga kitambaa ndani mwanga usiniingie. Hanilipi kila siku, ila kazi ikiwepo ananigawia. Nimeshaunga madirisha ya nyumba nzima ya kupangisha, na nikipita pale natazama juu. Lakini cheti sina, na simu kutoka wizara haijaja. Nilirudi kwenye ile ofisi ya mjini peke yangu, bila shangazi, nikauliza kwa kinywa changu. Yule bwana mpole alisema jambo langu linashughulikiwa na akaniambia nirudi kwa kampuni. Kampuni wakasema mimi si wao tena.

Ndiyo maana nimeandika haya, ingawa kuandika kunanichukua jioni nyingi na shangazi analalamika kuhusu mshumaa stima inapopotea. Nataka kujua kama kuna mwingine. Kama uliwahi kuwa kwenye mpango kama huu, ukapigiwa simu, ukasema bado unajifunza wakati wao walitaka useme umeajiriwa, niandikie uniambie baadaye waliita jina lako au hawakuita. Na kama uliufanya mtihani wa kuchomelea, niambie ukoje: wanakupa chuma kinene au chembamba, na kama mtu analazimika kujieleza kwa mdomo mbele yao au wanatazama mkono tu. Tumeni hapo hapo mlipoyapata maandishi haya, watanifikishia. Hata mistari miwili inatosha. Mwandiko wowote nitausoma, polepole, na nitajibu.